Pazia Kati ya Baruka na Hilali

Tangu nistaafu, wasichana wa zamu hunipigia simu kuniuliza mambo ya kazi, na kila nikimaliza kuwaeleza kwa nini spika inapiga mluzi, huishia kuniuliza habari za Baruka. Wengi wao hawakumwona. Wamemsikia kwa mama zao. Basi nimeona bora niandike mara moja, tusimalize salio za watu. Sitasema nilipandishwa cheo lini wala nilipata nini mwisho wa mwezi, maana hayo hayajamfundisha mtu kuunganisha waya. Nitasema nilivyoingia, walionifunza, na ile harusi ya Qurum ambayo kila mtu ana hadithi yake. Mimi ndiye niliyekuwa nimekaa kwenye mashine.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mpiga chapa katika duka la Ami Saleh, mtaa wa Hamriya, Muscat. Ami Saleh alikodisha vitu vya harusi: viti, mahema, sahani, na spika. Viti na sahani havikumsumbua. Spika zilimsumbua, kwa sababu sherehe ya wanawake haingii mwanamume, na mafundi wake wote walikuwa wanaume. Walikuwa wakifunga kila kitu mchana, wakibonyeza kitufe, na kutoka nje wakiomba Mungu. Ikawa siku moja kaseti imekwama ukumbini, ikarudia nusu ya ubeti jioni nzima. Mafundi hawakuweza kuingia, na wanawake hawakuthubutu kuigusa. Bi harusi alitembea kuelekea kwenye kiti chake kwa neno moja tu, "njoo, njoo, njoo," mpaka alipofika.

Kesho yake Ami Saleh aliniita akaniuliza kama naogopa umeme. Nikamwambia naogopa sana. Akasema vizuri, basi hutokufa, akanikabidhi kwa Thomas.

Thomas alikuwa fundi kutoka Kerala, mtu mwembamba aliyeongea Kiarabu cha sokoni ambamo kila kitu ni cha kike, pamoja na baba yake. Alinifunza nyuma ya duka, kwenye sakafu. Alinifunza kwamba waya una upande unaopenda kujikunjia, na ukiulazimisha upande mwingine utalipiza kisasi siku ya kazi. Alinifunza kunusa mashine kabla ya kuiwasha. Alinifunza kutandika utepe wa gundi juu ya kila waya unaopita njiani, kwa sababu bibi wa Kizanzibari, kama walivyokuwa wateja wetu wengi, akivaa viatu vya harusi haangalii chini. Haya yote bado ni kweli, ingawa mashine zenu sasa zinabebeka kwa mkono mmoja.

Siku yangu ya kwanza peke yangu Thomas aliegesha pikapu nje ya ukumbi, akafungua dirisha, akasikiliza kupitia ukuta. Hakuweza kuingia, lakini ukumbi ulikuwa na simu jikoni. Kila nilipokosea, alikwenda kwenye simu ya duka la jirani akapiga jikoni, na mpishi akaja mpaka mlangoni, akageuza uso pembeni kwa heshima, na kupiga kelele, "Anasema teremsha besi." Mara ya kwanza niliposimamisha maiki mbele ya spika, ukatoka mluzi uliowafanya wazee wawili wasome aya ya kufukuza majini. Simu ililia jikoni kabla mluzi haujakwisha.

Mwalimu wangu wa pili ndiye Baruka. Jina lake hasa lilikuwa Mbarouk, na mchana aliuza vitambaa Hamriya, hatua chache kutoka kwetu. Duka likifungwa, mwanzo wa jina ulibaki dukani, na aliyetoka alikuwa Baruka, mwimbaji wa harusi za wanawake. Alikuwa na dishdasha, zile kanzu za Kiomani, za rangi ambazo hakuna mwanamume mwengine Muscat aliyezivaa: waridi, pichi, bluu ya sabuni, zimebanwa kiunoni kidogo tu, kiasi cha mtu kuona na kutilia shaka macho yake. Nywele na ndevu zake ndogo zilinukia kabla hajafika. Tangu zamani watu kama yeye waliruhusiwa upande wa wanawake. Mabibi zetu waliwajua na walijua kazi yao. Kulikuwa na majina ya kuwaita, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili, na mengi siyaandiki hapa. Yeye mwenyewe alisema "sisi wengine," na akiwa na furaha, "sisi wenye sauti."

Tulipokutana alinitazama kutoka kichwani mpaka kwenye koleo nililoshika. Nilipofungua mdomo akasikia Kiswahili changu cha bara, kwani sisi ni Waomani tuliorudi kutoka Tabora, akauliza kama kule kwetu kuna umeme au tunaimbia kuku. Nikamwambia kuku wa Tabora hawana haja ya maiki. Kuanzia hapo tukawa mashoga.

Aliimba akitembea. Hakusimama jukwaani hata dakika; alipita meza kwa meza akimtaja kila mwanamke kwa jina, akimsifu huyu kwa macho, akimchokoza yule kwa mume aliyechelewa kurudi safari. Kwa hiyo alitaka waya mrefu, na waya mrefu ulikuwa adhabu yangu. Siku moja alimzunguka mama wa bi harusi mara mbili akiimba, na aliposonga mbele, mama na kiti vilikwenda naye. Nilipomlalamikia, akanipa somo ambalo Thomas hangeweza kunipa kwa sababu hajawahi kuingia ndani. Alisema nisisikilize spika, nisikilize ukumbi. Wanawake wakianza kupiga soga, usiwapandishie sauti, watapandisha na wao. Watafutie mdundo, miguu itawanyamazisha midomo. Nimelitumia somo hilo mpaka siku yangu ya mwisho kazini, na mara moja nyumbani kwa wakwe.

Mdundo wenyewe ulitoka kwa Hilali. Hapa ndipo ilipokuwa kazi ngumu. Hilali alipiga dumbaki, na sijasikia mkono kama ule. Lakini Hilali alikuwa mwanamume wa kawaida kwa macho ya watu: dishdasha nyeupe, kilemba, ndevu zilizochongwa, mtumishi wa serikali asiyeongea sana. Kwa Baruka wanawake hawakuvaa buibui. Kwa Hilali wangekimbia. Kwa hiyo Hilali alipigia nyuma ya pazia, katika kila ukumbi, kwa miaka, na Baruka aliimba mbele ya pazia, na hawakupata kuonana kazini hata siku moja.

Meza yangu niliiweka pembeni ya pazia, pale penye upenyo. Jicho moja kwa Baruka, jicho moja kwa Hilali. Nilimwekea Hilali spika ndogo miguuni ili asikie sauti ya mwenzake, na Baruka alipokaribia kubadilisha mdundo alinyanyua nyusi, nami nikainua mkono kwenye upenyo, Hilali akabadilisha. Watu waliwasifu kwa kwenda pamoja kama pumzi na kifua. Hakuna aliyejua kwamba kati ya pumzi na kifua nilikuwapo mimi, na mguu wangu umekufa ganzi.

Walikaa pamoja katika fleti Ruwi. Majirani waliambiwa ni mabinamu. Kwa bahati mbaya kila jirani aliambiwa kivyake: kwa mmoja walikutana kwa upande wa mama, kwa mwengine upande wa baba, na mzee mmoja wa ghorofa ya chini, aliyejua nasaba za watu wote kutoka Sur mpaka Zanzibar, alijaribu kuziunganisha akaumwa kichwa. Nilikwenda pale siku moja kutengeneza spika yao. Vyumba vya kulala vilikuwa viwili, na kimoja kilijaa nguo za Baruka mpaka mlango haufunguki. Hilali alikuwa akipiga pasi dishdasha ya waridi, akimgombeza Baruka kwamba hajala tangu asubuhi, na Baruka alikuwa akijibu kwamba mtu anayetaka kiuno hali. Nikaelewa.

Nilirudi nyumbani nimeduwaa kidogo, nikamweleza mama yangu. Mama alikuwa akichambua mchele, wala hakuinua uso. Akasema, "Wanakula pamoja, wanagombana, mmoja anampigia mwenzake pasi. Hao ni watu wa nyumba moja. Wewe ulikwenda kutengeneza spika. Umeitengeneza?"

Nilikuwa sijaitengeneza. Ilinibidi nirudi.

Miaka ikapita namna hiyo. Kaseti zikaondoka, sidii zikaja, Thomas akarudi Kerala na kuniachia koleo lake, na harusi zikahama kumbi za Hamriya zikaenda kwenye hoteli za Qurum, ambako hata vitambaa vya viti vilikuwa na mikunjo ya kutisha. Ikafika ile harusi, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Bi harusi aliitwa Shamsa. Mama yake, Bi Rahma, alikuwa mteja wetu wa zamani, na alimtaka Baruka kwa sababu Baruka aliimba kwenye harusi yake mwenyewe na mumewe bado yupo.

Tulikuwa tunafunga vyombo alasiri alipoingia Bi Thuweiba, shangazi wa bwana harusi, mwalimu mkuu mstaafu. Alitembea ukumbini kama anayekagua madaftari. Akafika mezani kwangu akaniuliza nani ataimba. Nikamwambia Baruka. Akauliza huyo Baruka ni mwanamume au mwanamke.

"Ni mwimbaji, Bi Thuweiba," nikasema.

"Sikukuuliza kazi yake."

Akamwita Bi Rahma pembeni. Hakupandisha sauti, lakini mimi kazi yangu ni kusikia. Alisema kama ni mwanamume, atoke. Kama ni mwanamke, anyoe zile ndevu. Na kwamba mambo ya kizamani yana zamani yake. Bi Rahma alikuwa mtu jasiri ofisini kwake, lakini siku ya harusi ya binti hakuna jasiri mbele ya wakwe. Alitafuta katikati: Baruka aimbe, lakini nyuma ya pazia, pamoja na mpiga ngoma. Sauti isikike, mtu asionekane.

Nilitumwa mimi kumwambia. Nyuma ya pazia palikuwa na nafasi ya kuwekea meza zilizokunjwa, na mlango wa kwendea maegesho. Baruka alikuwa amesimama katikati ya meza hizo na dishdasha mpya ya rangi ya aiskrimu ya pistachio, iliyotariziwa shingoni kwa uzi wa fedha. Hilali aliipiga pasi tangu baada ya sala ya adhuhuri. Nilipomaliza kusema, Baruka alikaa juu ya sanduku la waya, akanyamaza, na nikajua mambo ni makubwa, kwa sababu Baruka hata akiumwa koo hakunyamaza. Halafu akasema anakwenda nyumbani. Akasema hakushona nguo ile kwa ajili ya meza mbovu.

Hilali alikuwa akikaza ngozi ya dumbaki lake. Hakuacha kukaza.

"Miaka yote hii nakusikia tu," akasema. "Leo ntakuona."

Baruka akamtazama. Akanyanyuka, akajinyoosha nguo, akaniambia nimletee maiki yenye waya mfupi, maana hana pa kwenda.

Mnadhani sasa waliimba vizuri kuliko siku zote. Hapana. Waliimba vibaya kuliko nilivyowahi kuwasikia, na sababu yake ni hii: Baruka hakuwahi kumwona Hilali akipiga kazini. Nyumbani Hilali alijipigia taratibu tu. Kazini, akishika mdundo wa kweli, alifumba macho, akaumeza mdomo wa chini wote, na kutikisa kichwa kama mtoto anayekataa uji. Mimi nilishauzoea uso huo. Baruka aliuona kwa mara ya kwanza katikati ya ubeti wa kumsifu bi harusi, na akacheka. Hakucheka kwa siri. Alicheka kwenye maiki, na spika zangu wakati huo zilikuwa kubwa.

Ukumbi mzima ulisikia kicheko kikitoka darini. Hilali akafumbua macho, akaona anachekwa, mdundo ukamponyoka, na yeye naye, ambaye sikuwahi kumsikia akicheka, akacheka kwa sauti nyembamba kama ya birika. Niliteremsha maiki, nimechelewa. Wanawake nao walishaanza kucheka bila kujua wanacheka nini. Bi Thuweiba peke yake alikaa wima.

Wa kwanza kunyanyuka alikuwa bibi yake bi harusi, na mkongojo wake. Alipita mezani kwangu akasema anakwenda msalani. Msalani kulikuwa upande wa pili. Aliingia kwenye pazia na hakutoka. Baada ya kidogo binti zake wawili wakaja kumtafuta bibi, wakaingia, hawakutoka. Wakaja wengine kuwatafuta wale. Mmoja aliniambia anakuja kuangalia waya, na alikuwa mke wa daktari. Mimi nilibaki kumwambia Hilali, kupitia maiki yangu ndogo na ile spika yake ya miguuni, asiache kupiga hata iweje, kwa sababu ukumbi ukinyamaza ghafla watu huanza kufikiri.

Hilali masikini aliposikia bangili na kunusa udi, alijua hakuna tena pazia. Aligeuka ukutani na dumbaki lake, akajivutia kilemba usoni, na akaendelea kupiga, mgongo kwa watu, huku akisema astaghafirullah kwa mdundo uleule. Na Baruka, aliyenyimwa ukumbi, sasa aliletewa ukumbi. Aliimba kati ya meza zilizokunjwa, akimtaja kila mmoja kwa jina, na wale mabibi wa Qurum na hariri zao walikaa juu ya masanduku yangu.

Upande wa huku walibaki Shamsa kwenye kiti chake cha enzi, Bi Thuweiba kwenye mstari wa mbele, na masinia ya halua. Shamsa alivumilia nyimbo mbili. Halafu akakusanya mkia wa gauni lake kwa mikono miwili, akamwambia Bi Thuweiba kwa adabu kabisa kwamba anaomba ruhusa, na akaenda bila kungoja apewe.

Ndipo Bi Thuweiba alipoinuka.

Hapa sikucheka. Hilali alikuwa mtumishi wa serikali. Neno moja lingefika ofisini, kazi ingekwenda, na huenda zaidi ya kazi. Nilifikiria kuzima umeme wote. Mkono wangu ulikuwa kwenye swichi Bi Thuweiba alipopita, na sijui kwa nini sikuzima. Maiki ilibaki wazi, kwa hiyo mimi na viti vitupu tulisikia kila kitu.

Wimbo ukakatika. Dumbaki likaendelea peke yake.

"Na huyu aliyegeukia ukuta ni nani?" Bi Thuweiba akauliza.

Bi Rahma akaanza kusema kwamba ni jamaa, ni binamu, ni katika watu wa kampuni. Baruka akamkatisha.

"Huyu ni mtu wa nyumbani kwangu."

Dumbaki likasimama. Ninyi vijana mnaosema Kiswahili cha simu huenda hamkulipata neno hilo. Kwetu mume hamtaji mkewe kwa jina mbele ya watu wa heshima, wala mke mumewe. Husema hivyo, mtu wa nyumbani kwangu, na kila mtu hujua. Bi Thuweiba alizaliwa Unguja. Alijua. Wote walijua. Kupitia upenyo nilimwona Hilali hakugeuka, na kitambaa cha dishdasha yake kimeganda mgongoni kwa jasho.

Bi Thuweiba aliutazama mgongo ule.

"Mtu anapiga ngoma saa zote hizi," akasema, "na wanawake wote hawa hakuna aliyempa maji?"

Watu wanne walikwenda kuleta maji kwa pamoja. Bi harusi ndiye aliyefika kwanza, na gauni lake. Bi Rahma akaanza kumshukuru Bi Thuweiba kwa moyo wake, na Bi Thuweiba akamkata. "Mimi sijakubali kitu," akasema. "Nimesema apewe maji." Halafu akatafuta sanduku la kukalia, kwa sababu, kama alivyoeleza, miguu inamuuma na huko mbele hakuna wa kuzungumza naye.

Mimi na viti ndio tuliompokea bwana harusi. Aliingia wakati wake kama ilivyopangwa, na mama yake mkononi, kilemba kimefungwa vizuri, uso umeandaliwa kwa vigelegele. Akakuta meza, maua na halua. Alinitazama. Nikamwonyesha pazia kwa kidole. Nakumbuka alimwuliza mama yake kama wamekosea hoteli.

Baadaye meneja wa hoteli, kijana mwenye tai, alimwambia Ami Saleh kwamba kwa fujo ile ya wageni kuingia stoo ya meza, wale wawili wasirudi tena, na hoteli nyengine zikaiga, maana hoteli zina wivu hata wa kufukuza. Lakini hilo halikuwaumiza kama kungoja. Baruka aliacha kuimba kabisa, akabaki na vitambaa vyake. Hilali alikuwa akishtuka kila simu ikilia. Nilipokwenda Ruwi kuwatazama nilikuta hawagombani, na nikaogopa. Walikuwa wakingoja neno lifike ofisini.

Halikufika. Ninaandika haya ili mjue. Wanawake wale, ambao habari ya posa hutoka kwao Qurum ikafika Sohar kabla chai haijapoa, waliokuwapo nyuma ya pazia lile kwa makumi, hakuna hata mmoja aliyelitoa lile neno nje. Walisimulia kicheko, walisimulia bwana harusi na viti, walimsimulia mke wa daktari na waya. Neno lenyewe walilikalia. Mwezi ukapita, ikapita na Ramadhani, na siku moja nikapiga simu Ruwi, mmoja akapokea huku wakigombana juu ya pasi, nikakata simu nikaenda zangu kulala kwa raha.

Wakajenga Amerat. Wakati huo familia nyingi zilikuwa zikivuka majabali kwenda huko, ambako viwanja vilikuwa vipana na majirani hawajajuana nasaba. Baruka alichora nyumba mwenyewe: vyumba vidogo, jiko dogo, na majlisi, yaani sebule ya wageni, kubwa kama ukumbi wa Hamriya. Kama hoteli hazimtaki, alisema, hoteli ataijenga yeye. Walipohamia, wakafanya jioni ya kuingia nyumba. Aliwaita "sisi wengine" wote aliowajua, wale waliokuwa wakiimba na kucheza katika harusi kutoka Seeb mpaka Barka, na wengi wao nao hawakuwa na mahali tena. Aliwaalika na wanawake waliokuwa marafiki, na mama yangu, ambaye alikubali kwa sharti apewe kiti chenye mgongo. Kila mmoja alitakiwa aje na wimbo au nguo aliyoitengeneza kwa mkono wake.

Nilileta spika zangu. Mhasibu mmoja mnene, ambaye mchana hata kalamu aliivisha kifuniko, alitoka chumbani na kanzu ya mkia mrefu aliyoitarizi kwa miezi, na mkia ukazima feni ya sakafuni. Mzee mmoja kutoka Barka aliimba nyimbo za harusi ambazo hata mama yangu alidhani zimekufa, na mama akamsahihisha ubeti, wakagombana mpaka chakula kilipoletwa. Viyoyozi na spika zangu havikupatana, na kila tulipofika patamu umeme ulikatika, watu wakaendelea gizani kwa makofi mpaka nilipofika kwenye kisanduku cha fyuzi. Bi Rahma alikuwapo. Bi Thuweiba hakuja. Alituma halua kwa dereva, na salamu kwamba halua si kukubali kitu.

Sikuweka pazia. Hilali alikaa mbele za watu na dumbaki lake, na mara mbili tatu alijizuia kuumeza mdomo kwa sababu alijua anatazamwa.

Mwisho, watu walipokuwa wanatafuta viatu vyao, Hilali aliweka dumbaki chini, akaja mezani kwangu, na kwa sauti ya kuomba kibali ofisini akaniambia angependa maiki kidogo. Nikadhani ana tangazo. Akasimama katikati ya majlisi, akafumba macho, na akaanza kuimba mmoja katika nyimbo za Baruka.

Sijui niwaeleze vipi. Miaka yote ile katika kazi sijasikia sauti kama ile ikitoka kwa mtu mzima mwenye afya. Ilikuwa kama mtu anaburuta lango la bati juu ya simenti, na lango halitaki. Hakushika noti hata moja. Zile alizozikaribia zilimkimbia. Mhasibu akakazana kutazama zulia. Mama yangu akavua miwani, kana kwamba ingemsaidia. Na mimi, kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha sauti, na kila nilichofunzwa na Thomas kiliniambia teremsha, mfunike na ala, mwokoe mtu huyu.

Nikamtazama Baruka. Alikuwa amekaa sakafuni karibu na mlango, ameegemea ukuta, dishdasha imemkunjika na wala hajali, na machozi yanamtoka hivihivi bila kufutwa. Hakumwondolea macho Hilali. Lakini alijua ninangoja, kama alivyojua siku zote, na bila kugeuka akainua kidole kimoja, akaonyesha juu.

Nikampandisha.